Karani Aliye Kichwani Mwako

Kama unaishi Kisiba, au katika kijiji kingine cha Wilaya ya Rungwe, unamjua ngedere. Mahindi yakianza kukomaa, anafika. Haulizi njia. Anajua shamba lililo karibu na msitu. Anajua mti wa kukimbilia akifukuzwa. Anajua pia nyumba yenye mbwa mkali, naye huiepuka. Msimu ujao atarudi mahali pale pale.

Huko juu, katika misitu ya Mlima Rungwe, yuko mnyama wa jamii hiyo aitwaye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua tangu zamani, na jina hilo ni lao. Wataalamu wa wanyama walizisikia habari hizo, wakamtafuta na kumwona mwaka 2003. Mwaka 2005 habari zake zikatangazwa duniani kote. Kipunji hula aina zaidi ya 100 za mimea. Hawezi kuishi kwa kubahatisha. Lazima akumbuke miti ya matunda iko wapi.

Ngedere na kipunji hawana daftari. Kumbukumbu zao zimo kichwani. Zako pia zimo kichwani. Ile sehemu ya ubongo inayowasaidia wao kushika jambo jipya, wewe nawe unayo. Leo tujifunze habari zake. Sehemu hiyo inaweza kuumia, na mara nyingi sisi wenyewe tunaweza kuikinga.

SEHEMU HIYO NI IPI?

Jina lake ni hipokampasi. Lisome polepole: hi-po-kam-pa-si. Ni jina la Kigiriki la samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa kama cha farasi. Wataalamu wa zamani waliona sehemu hii ya ubongo imejikunja kama samaki huyo, wakaipa jina lake.

Weka kidole juu kidogo ya sikio lako. Ndani ya fuvu, upande huo, imelala hipokampasi moja. Nyingine iko upande wa pili. Kwa mtu mzima kila moja ina urefu wa sentimita 4 au 5 hivi. Haifiki hata kidole chako cha mwisho.

Kazi yake ni nini? Fikiria kituo cha kununulia majani mabichi ya chai. Wakulima wanaleta majani. Karani anapima, anaandika jina la mkulima na idadi ya kilo. Kisha gari linayachukua majani kwenda kiwandani. Karani hakai na majani hayo siku zote. Kazi yake ni kupokea na kuandika. Siku karani asipokuwapo, majani yataletwa, lakini hakuna kitakachoandikwa. Kesho nani atajua nani alileta nini?

Hipokampasi ni karani wa namna hiyo. Unapoona, kusikia au kusoma jambo jipya, yeye hulipokea na kuliandikisha. Baada ya muda, jambo hilo hupelekwa kutunzwa katika sehemu nyingine za ubongo. Karani akiwa mzima, unakumbuka. Karani akiumia, mambo mapya yanakuja na kupotea.

TUMEJUAJE?

Mengi tumefundishwa na wanyama wa jamii ya ngedere. Mwaka 1978, mtaalamu wa Marekani aitwaye Mortimer Mishkin aliwafanyia majaribio kima wa aina inayotoka Asia. Jaribio lilikuwa hivi. Kima anaonyeshwa kitu kimoja, tuseme kopo. Anakiinua na kupata chakula chini yake. Kitu hicho kinaondolewa. Baadaye analetewa vitu viwili: kopo lile lile, na kitu kingine ambacho hajakiona. Sasa chakula kimefichwa chini ya kile kitu kipya. Ili apate chakula, lazima akumbuke alichokiona mwanzo.

Kima mzima hujifunza mchezo huu vizuri. Wale waliokuwa wameondolewa hipokampasi, pamoja na sehemu iliyo jirani nayo, waliweza kama muda wa kungoja ulikuwa sekunde chache tu. Wakingojeshwa dakika moja au mbili, wengi walikosea. Walikuwa wamesahau.

Mwaka 1990, wataalamu wengine wawili wa Marekani, Stuart Zola-Morgan na Larry Squire, walitoa matokeo ya jaribio jingine. Waliwafundisha kima mambo kwa nyakati mbalimbali. Mengine waliwafundisha wiki 16 au 12 kabla ya kuwaondolea hipokampasi. Mengine waliwafundisha wiki 4 au 2 tu kabla. Baada ya hapo, kima walikumbuka vizuri zaidi yale ya zamani kuliko yale ya karibuni. Yale ya zamani yalikuwa yamekwisha kupelekwa ghalani. Yale mapya yalikuwa bado mikononi mwa karani, akaondoka nayo.

Yako pia mafunzo kutoka kwa binadamu. Huko Marekani aliishi mtu aitwaye Henry Molaison. Alikuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari alimpasua kichwa na kuondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili ili kumpunguzia kifafa. Kifafa kilipungua kweli. Lakini tangu siku hiyo Henry hakuweza kushika jambo jipya. Alizungumza na mtu vizuri, mtu akatoka nje kidogo, akirudi Henry hamkumbuki. Alisoma gazeti lile lile tena na tena kana kwamba ni jipya. Mambo ya utoto wake aliyakumbuka. Aliishi hivyo miaka 55, hadi alipofariki mwaka 2008.

Mtaalamu Brenda Milner wa Kanada alimpima Henry kwa miaka mingi. Siku moja alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake katika kioo. Ni kazi ngumu, jaribu mwenyewe uone. Henry alirudia kazi hiyo siku kadhaa. Kila siku mkono wake ulichora vizuri zaidi, lakini kila siku alisema hajawahi kuifanya!

Kwa hiyo kumbukumbu si ya namna moja. Kuna kumbukumbu ya mikono: kulima kwa jembe, kuendesha baiskeli, kusuka mkeka. Hiyo hutunzwa kwingine. Na kuna kumbukumbu ya mambo: nani alikuja leo, fedha nimeweka wapi, muuguzi amesema ninywe dawa mara ngapi. Hiyo ndiyo inayomhitaji karani.

MZEE ANAYESAHAU

Sasa utaelewa jambo moja linalosumbua familia nyingi. Yuko mzee anayeweza kukusimulia habari za Ziwa Kisiba kama alivyosimuliwa na baba yake: jinsi Wajerumani, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walivyotupa fedha na silaha ziwani. Anasimulia bila kukosea. Lakini ukimwuliza kama amekula mchana huu, hajui. Anauliza swali lile lile mara 5. Anapotea njia ya kwenda kisimani.

Watu husema, "Anajifanya. Mbona ya zamani anayakumbuka?" Wengine husema mabaya zaidi. Humwita mchawi, hasa akionekana anatembea usiku.

Ndugu msomaji, huo si uchawi wala si ujanja. Ni ugonjwa wa ubongo. Mara nyingi ugonjwa huu huanza kwa kuiharibu hipokampasi. Ndiyo maana mapya hupotea kwanza na ya zamani hubaki. Upo hapa Tanzania. Wataalamu waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010. Karibu wazee 6 katika kila 100 walikuwa nao. Wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa na mganga yeyote kwamba ni wagonjwa.

Ugonjwa huu haujapata dawa ya kuuponya. Lakini mzee anaweza kutunzwa. Mpe jambo moja kwa wakati. Usimbishie, wala usimcheke. Weka vitu vyake mahali pale pale kila siku. Asiachwe peke yake karibu na moto. Mpeleke pia akapimwe, kwa sababu shinikizo la damu, upungufu wa lishe au maambukizo yanaweza kuleta usahaulifu, na hayo yana matibabu.

MAMBO YANAYOMUUMIZA KARANI

Hipokampasi inahitaji hewa safi na sukari kutoka katika damu wakati wote. Vikipungua, yenyewe huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuumia. Tuangalie mambo tunayoweza kuyazuia.

1. Malaria kali na degedege. Ukiteremka kutoka Tukuyu kupita Masoko na Kisiba kuelekea Kyela, joto huongezeka, na mbu nao huongezeka. Malaria ikipanda kichwani, vijidudu vyake huziba mishipa midogo ya damu katika ubongo. Sukari ya mwili hushuka. Mtoto hupata degedege au kupoteza fahamu.

Wengi wakiona mtoto amezinduka husema, "Amepona." Lakini sikiliza habari hii. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, wataalamu waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 walioponea malaria ya ubongo. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2008. Miaka 2 baada ya kuugua, karibu watoto 26 katika kila 100 walikuwa na udhaifu wa akili, kama vile kushindwa kukumbuka au kusikiliza kwa makini. Kwa watoto wenzao ambao hawakuugua, walikuwa karibu 8 tu katika kila 100.

Mzazi, mwanao alikuwa anajua kuhesabu, akaugua sana, na sasa anasahau? Usimchape. Mwalimu, nawe usimchape. Fimbo haiponyi ubongo. Mwambie mwalimu kwamba mtoto aliugua. Mtoto akae mbele, arudiewe somo polepole, apewe kazi fupi fupi. Akisaidiwa hivyo huweza kupiga hatua.

Lililo bora ni kuzuia. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Akipata homa, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu. Usingoje kesho. Degedege ikimshika, mlaze kiubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize katika zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Makandana, Tukuyu. Degedege si pepo. Wako wanaosema kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Si kweli. Anayemchelewesha ndiye anayemhatarisha.

2. Kifafa kisichotibiwa. Kifafa kirefu kinachojirudia huiumiza hipokampasi, na hipokampasi iliyoumia huweza kuleta kifafa zaidi. Ni kama duara. Dawa hulivunja duara hilo. Huko Mahenge, Mkoa wa Morogoro, wagonjwa wa kifafa walikuwa wametengwa na jamaa zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, aliwafungulia kliniki. Kwa dawa ya vidonge iliyo rahisi, wengi walipungukiwa na kifafa na kurudi katika kazi zao.

Mgonjwa wa kifafa anywe dawa kila siku, hata akijiona mzima. Asiache ghafla. Na wewe unayemwona ameanguka, usimkimbie. Povu lake haliambukizi. Mwondoe penye moto au maji, mlaze kiubavu, kaa naye mpaka azinduke.

3. Tegu wa nguruwe. Hapa kwetu tunafuga nguruwe. Wataalamu waliowapima nguruwe wa wilaya za Mbozi na Mbeya Vijijini waliwakuta wengine wana vifuko vya tegu. Vifuko hivyo huonekana ndani ya nyama kama punje nyeupe.

Ugonjwa huenda hivi. Mtu anakula nyama ya nguruwe yenye vifuko, isiyoiva vizuri. Tegu anakua tumboni mwake. Mayai ya tegu yanatoka na choo kikubwa. Mtu huyo asiponawa mikono, au akijisaidia shambani, mayai yanaingia katika chakula na maji ya watu wengine. Anayemeza mayai hayo huweza kupata vifuko ndani ya ubongo wake mwenyewe, na kisha kifafa. Hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuambukizwa. Basi chimba choo na kitumie. Nawa mikono kwa sabuni. Mfungie nguruwe bandani. Pika nyama mpaka iive ndani. Nyama yenye punje nyeupe usiile wala usiiuze.

4. Moshi wa jiko la mkaa. Rungwe ina baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na madirisha, hulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu. Haina rangi wala harufu. Huizuia damu isichukue hewa safi. Wengi hufa usingizini. Wanaookolewa, wengine hubaki na usahaulifu. Ota moto nje, au mlango ukiwa wazi. Jiko litoke kabla ya kulala.

5. Pombe nyingi. Mtu amekunywa kimpumu au pombe kali mpaka usiku. Asubuhi anaambiwa aliyoyasema, naye anaapa kwamba hakuyasema. Huenda hasemi uongo. Pombe ilipokuwa nyingi kichwani, karani aliacha kuandika. Anayelewa hivyo mara kwa mara kwa miaka mingi huweza kuharibu kumbukumbu yake moja kwa moja.

6. Kuzaa bila msaada. Mtoto akichelewa kupumua anapozaliwa, ubongo wake hukosa hewa. Mama mjamzito ahudhurie kliniki na ajifungulie mahali penye mkunga aliyesomea kazi hiyo. Panga usafiri mapema. Mvua zetu unazijua, na njia zetu pia.

JE, MTU MZIMA ANAWEZA KUJIFUNZA?

Wewe unayesoma maneno haya, pengine umejua kusoma ukubwani. Labda umewahi kuambiwa, "Ubongo wako umekauka. Elimu ni ya watoto." Neno hilo si la kweli.

Jijini London, Uingereza, mtu anayetaka kuwa dereva wa teksi lazima ajue kwa kichwa maelfu ya barabara za jiji. Huwachukua wengi miaka 3 au 4 kujifunza. Mwaka 2000, mtaalamu Eleanor Maguire na wenzake walitoa matokeo ya kupiga picha za ubongo wa madereva hao. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2011 walitoa matokeo ya uchunguzi mwingine, safari hii kwa watu wazima waliokuwa wakijifunza kazi hiyo. Wale waliofaulu mtihani, sehemu hiyo ilikuwa imeongezeka. Wale walioshindwa, haikuongezeka.

Hao hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima. Walisoma, wakarudia, na ubongo wao ukabadilika. Ubongo wako nawe ni wa namna hiyo hiyo.

MSAIDIE KARANI WAKO

Ukitaka kukumbuka unachojifunza, iwe barua za alfabeti au kipimo cha mbolea, fanya hivi:

Kwanza, soma kidogo kidogo kila siku. Nusu saa kila jioni inashinda saa 4 za Jumapili moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, funga kitabu, kisha jiulize: nimesoma nini? Kujitahidi kukumbuka ndiko kunakolikaza jambo kichwani.

Tatu, mfundishe mwenzako. Mweleze mumeo, mkeo au mtoto wako.

Nne, lala usingizi wa kutosha. Wakati umelala, karani wako hayupo likizo. Anapitia mambo ya mchana na kuyapeleka ghalani.

Tano, kula chakula cha mchanganyiko. Rungwe tuna ndizi nyingi, lakini ndizi peke yake hazitoshi. Ongeza maharage, mboga za majani, samaki, mayai au maziwa. Mtoto mdogo ndiye anayehitaji zaidi, kwa sababu ubongo wake bado unajengwa.

Ndugu msomaji, jembe likivunjika utanunua jingine. Karani wa kichwani hanunuliwi Tukuyu wala Mbeya. Usiku huu, kabla hujalala, angalia mambo mawili nyumbani kwako: watoto wamo ndani ya chandarua? Jiko la mkaa limetolewa nje?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mzee anaweza kukumbuka mambo ya zamani na kusahau ya leo?

2. Katika kijiji chetu, mtoto akipata degedege watu hufanya nini kwanza? Je, ndivyo inavyofaa?

3. Ni kaya ngapi katika kitongoji chetu hazina choo? Tutazisaidiaje kabla ya masika?

4. Yuko mtoto au mtu mzima hapa kwetu anayechekwa kwa kusahau? Tufanye nini kwa ajili yake?